Gurudumu Begani, Jamhuri hadi Loresho

Sababu ya safari hii ilikuwa upepo. Sisemi ule wa kupeperusha nguo kwenye kamba. Nasema ule unaojaza kwenye tairi asubuhi, ukatoka kwa amani, na njiani ukakuta umekwenda zake bila kuaga. Ndugu zangu mlioko Vihiga, mliniuliza kwenye simu likizo yangu ya siku mbili niliitumia wapi, na nilipowajibu kwamba niliitumia kubeba gurudumu, mlicheka mpaka nikakata simu. Basi nawaandikia safari yote, kituo kwa kituo, muone kama kuna cha kuchekwa.

Mnamkumbuka Mideva, binti yangu. Wengi wenu mara ya mwisho kumwona alikuwa hana meno ya mbele. Sasa ana miaka ishirini na minne, ni muuguzi, na amepata kazi katika zahanati moja huko Turkana. Siku ya kuondoka ilikuwa Jumatatu. Alipokuwa darasa la tatu nilimwahidi kwamba akijua baiskeli vizuri tutapanda pamoja hadi juu ya vilima vya Ngong, mimi na yeye tu. Alijua baiskeli kabla mwaka haujaisha. Mimi ndiye sikujua kutimiza. Kulikuwa na kazi, kulikuwa na karo, kulikuwa na Jumamosi za mazishi na Jumamosi za harusi, na mtoto akakua huku ahadi imekaa kwenye rafu kama faili lisilo na mwenyewe. Mimi ni karani, nimepanga mafaili miaka ishirini na mbili, najua mafaili ya namna hiyo huishia wapi.

Mwaka huu nilipata baiskeli ya mlima, ya mtumba lakini yenye nguvu zake, nikajitia kutimiza. Jumamosi ya kwanza tairi langu la mbele liliisha upepo tukiwa Karen. Jumamosi ya pili hatukufika hata Dagoretti Corner. Ya tatu liliisha getini kwetu, jirani akitazama na kikombe chake cha chai. Mideva hakununa. Alishika usukani wangu akasema, "Si lazima, Baba. Kuna siku ingine." Afadhali angenuna. Hiyo siku nyingine ilikuwa imebaki moja tu, Jumamosi kabla ya safari yake, na sauti aliyotumia ilikuwa ya muuguzi anayemtuliza mgonjwa ambaye hatapona. Iliniuma, nawaambia ukweli.

Nieleze ugonjwa wenyewe, maana baiskeli zenu ni za kubebea maziwa na zina tyubu ndani ya tairi. Ngong kuna miiba ya migunga, na tyubu huko haimalizi kilomita mbili. Kwa hiyo wanaopanda milima huitoa tyubu kabisa. Rimu ina matundu mahali spoki zinapoingia, na matundu hayo huzibwa kwa tepu maalumu inayozungushwa ndani ya rimu pande zote. Tairi hukaa juu yake, ndani humiminwa dawa nyeupe kama maziwa, na mwiba ukichoma, dawa hukimbilia pale na kuziba. Yote hayo yanategemea jambo moja tu, kwamba tepu ishike. Yangu haikushika. Niliibandika Jumamosi tatu, kila mara asubuhi, nikiwa nimeoga na kutulia, kwa uangalifu wa mtu anayefunga barua ya waziri. Mara tatu ikabanduka.

Saa mbili na nusu asubuhi siku ya Alhamisi niliondoka Jamhuri. Baiskeli niliiacha sebuleni imeegemea ukuta, uma wake wa mbele mtupu, nami nikabeba gurudumu peke yake begani. Mideva alikuwa bado amelala baada ya zamu yake ya mwisho hospitalini, kwa hiyo sikumwambia kitu. Nilitaka, nikishindwa, nishindwe kimyakimya. Nilipita kando ya uwanja wa maonyesho, nikavuka Ngong Road, na kabla sijakauka jasho la kwanza muuza mayai mmoja aliniuliza, "Mzee, baiskeli imeenda wapi?" Nilimjibu kwamba iko nyuma inakuja. Swali hilo nililisikia siku nzima, na majibu yangu yaliendelea kuharibika.

Kabla ya saa nne nilikuwa Kenyatta Market. Wachoma nyama walikuwa ndio kwanza wanawasha makaa, na wasusi wamejipanga vijiani wakiita kila kichwa kinachopita, hata changu ambacho hakina cha kusuka. Nyambura, mke wangu, ana kibanda hapo, cha tatu kutoka pembeni. Mnamjua: mtu wa Kinoo, haogopi baridi wala binadamu. Alikuwa ameshika kichwa cha mteja, anasuka bila kutazama vidole vyake, akaniona mimi na gurudumu langu.

"Baba Mideva, hiyo kitu unaipeleka wapi?"

"Mjini. Natafuta tepu ingine, ile kali zaidi."

"Na unaenda mjini na mikono imepauka hivyo?"

Nilitazama mikono yangu. Kweli, nilikuwa nimeiosha kwa sabuni ya kufulia asubuhi kutoa masizi ya mnyororo, na ilikuwa imekuwa myeupe kama ya mtu anayeuza unga. Nilimwambia naenda kutafuta tepu, siendi kuoa.

"Hata kama," alisema. "Mtu akiona mkono kama huo atasema, huyu hana bibi."

Mteja wake alicheka. Nyambura alichota mafuta kwenye mkebe, akaniita karibu, akanipaka mikono yote miwili mbele ya watu, kidole kwa kidole, mpaka kwenye viwiko. Mafuta yenyewe ni yale ya nazi anayotumia kwa nywele, yana harufu ya kibanda chake, na mimi harufu hiyo naipenda, ndiyo harufu ya nyumba yangu kila jioni. Kisha akanitilia mkebe mdogo mfukoni mwa shati. Ndugu zangu, nyinyi na mimi tulilelewa na mama mmoja. Mnakumbuka alivyotupanga foleni mlangoni siku za Jumapili, na mtu hatoki mpaka magoti yang'ae. Mtoto aliyepauka ni aibu ya mzazi, alisema, na mimi tangu siku hizo nikioga bila kujipaka najiona niko uchi. Niliaga nikiwa nang'aa.

Saa tano kasoro nilikuwa katikati ya jiji. Nilishuka na barabara ya Haile Selassie, nikakata ndani hadi karibu na River Road, kwenye duka la vipuri vya baiskeli lililoko ghorofa ya pili, juu ya watu wa simu. Kupanda ngazi hizo na gurudumu ni kuomba radhi kila hatua. Mwenye duka ni Mzee Kariuki, mtu wa umri wangu na zaidi kidogo, miwani yake inaning'inia kwa kamba ya kiatu. Yeye ndiye aliyeniuzia tepu zote tatu.

"Wewe tena?" alisema.

"Mimi tena. Nipe ile ya bei ya juu. Hii yako haina gundi."

Aliweka gurudumu juu ya kaunta, akavaa miwani, akachukua rula akapima upana wa ndani wa rimu, akalinganisha na tepu yake. Tepu inatakiwa izidi upana ule kidogo tu, alinionyesha, ili ipande kuta zote mbili bila kufika mahali mdomo wa tairi unapokaa. Yake ilizidi vile vile inavyotakiwa. Kisha akavua miwani.

"Baba, nimeuza hii tepu kwa watu wengi. Vijana wanaenda nayo mpaka Naivasha. Wewe peke yako ndio inakukataa. Sasa nikikuuzia ya nne, si nitakuwa nakuibia?"

"Kwa hivyo hutaniuzia?"

"Nitakuuzia, lakini uende nayo kwa Wairimu, Loresho. Yule msichana akuangalie. Si tepu iko mgonjwa."

Alimaanisha mgonjwa ni mimi. Nilikasirika. Mtu aliyepanga mafaili miaka yote hiyo, anayekunja karatasi bila kuipinda, aambiwe hajui kubandika utepe! Nililipia tepu ya nne, nikaitia mfukoni, nikateremka ngazi bila kuomba radhi kwa mtu. Lakini nilipofika chini hasira ilikuwa imeisha, maana nilikumbuka Jumamosi. Kuuliza si ujinga, na hata kama ni ujinga, ulikuwa umebaki na siku mbili.

Kutoka River Road nilitembea hadi upande wa Museum Hill, na hapo nikachukua bodaboda, kwa kuwa mguu wa kulia ulikuwa umeanza kulalamika. Dereva alilitazama gurudumu, akanitazama mimi.

"Mzee, na hii ingine moja umeacha wapi?"

"Nimeiacha na baiskeli."

"Na baiskeli?"

"Twende, kijana."

Alinivalisha gurudumu shingoni kama shada la maua la mgeni rasmi, tukapanda Waiyaki Way. Westlands ilipita, vioo vyake vyote, kisha barabara ikainuka na upepo ukawa baridi. Watu kwenye magari walinigeukia. Nilikaa wima, kwa sababu ukiwa na gurudumu shingoni kitu pekee kilichobaki ni heshima.

Saa sita mchana tuliingia Loresho. Ni mahali pa ua wa kayaba uliokatwa sawasawa, mageti marefu, na kimya ambacho mtu wa Jamhuri hukisikia masikioni. Mbwa walinibwekea kwa zamu, geti kwa geti. Nilimwuliza mlinzi mmoja njia, na kumbe ni mtu wa Hamisi, huko kwetu Vihiga; alinijua kwa matamshi kabla sijamaliza sentensi. Alinishika mkono, akauliza habari za mvua nyumbani kana kwamba nimetoka huko asubuhi hiyo, kisha akauliza baiskeli iko wapi. Nilimwambia ukweli wote, kwa lugha yetu, nikajisikia nafuu. Akanionyesha geti la kijani.

Wairimu ana kibanda chake cha ufundi kwenye gereji ya zamani nyuma ya nyumba hiyo. Mama yake ni mpishi wa hapo tangu yeye akiwa mdogo, na wenye nyumba walimwachia gereji alipoanza kutengeneza baiskeli za watoto wao. Ana miaka thelathini hivi, kichwa kimenyolewa, na mikono yenye makovu madogo ya spoki. Baiskeli zilining'inia darini kwa kulabu, safi, kila moja na kikaratasi chake. Nilipoona vikaratasi vile moyo wangu ulimkubali.

"Niaje, mzee. Kariuki amenipigia. Leta nione."

Alilitoa tairi kwa mikono mitupu. Aliing'oa tepu yangu kwa kidole kimoja, na ikatoka yote, taratibu, bila hata mlio, jinsi ganda la ndizi mbivu linavyotoka. Aliitazama upande wa gundi, akainusa. Akainusa tena.

"Hii tepu inanuka saluni," alisema.

Nilimwambia mke wangu ni msusi, labda harufu imetoka nyumbani. Alitikisa kichwa kama mtu aliyeweka neno kiporo. Kisha akaniambia sheria ya pale.

"Mimi sibandikii mtu tepu. Nitakuonyesha, lakini mkono ni wako. Ikikuharibikia huko Ngong, mimi siko, si ndio?"

Saa sita na nusu tulianza. Kwanza aliniambia niifute rimu yote kwa kitambaa safi chenye spiriti, ile ya hospitali, mpaka kitambaa kisitoke na kitu tena. Nilifuta mara tatu. Kitambaa cha kwanza kilitoka na weusi, cha pili kilitoka na kitu kinachong'aa ambacho sikukijua, cha tatu kikatoka cheupe. Tuliiacha ikauke. Alinituma kwenye mfereji nikanawe mikono kwa sabuni, ninawe kwelikweli, mpaka kwenye viwiko. Nilinawa. Nikarudi nikijifuta, mikono imekauka, imepauka tena kama asubuhi. Na bila kufikiri chochote, huku nikimsifu kwa vikaratasi vyake, niliingiza mkono mfukoni, nikatoa mkebe wa Nyambura, nikafungua, nikachota.

"Mzee! Weka hiyo kitu chini!"

Niliruka kana kwamba nimekanyaga siafu.

"Unafanya nini?"

"Najipaka mafuta," nilisema. "Si nimenawa?"

Aliutazama mkebe, akanitazama mimi. Kisha akakaa kwenye kigoda chake, akajishika tumbo, akaanza kucheka, na alicheka mpaka mama yake akatoka jikoni na mwiko mkononi kuangalia kuna nini.

"Na zile siku zingine tatu," aliniuliza alipoweza kusema, "ulikuwa umejipaka?"

Ndugu zangu, bila shaka nilikuwa nimejipaka. Nilioga, nikajipaka, nikakaa kitako nikiwa mtu mzima anayejiheshimu, nikaishika ile tepu kwa vidole kumi vilivyong'aa, nikailainisha kwa kidole gumba pande zote, na kila nilipogusa niliacha mafuta kati ya gundi na rimu. Kadiri nilivyokuwa mwangalifu, ndivyo nilivyoipaka zaidi. Gundi haikuwa na mahali pa kushika. Upepo ulipita chini ya tepu, ukatokea kwenye matundu ya spoki, ukaenda zake. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na changu kilikuwa mfukoni mwa shati, ndani ya mkebe, nimewekewa kwa mapenzi.

Mama Wairimu naye alicheka, lakini aliniangalia kwa huruma. "Si makosa yake," alimwambia bintiye. "Huyu alilelewa vizuri."

Nilitumwa tena kwenye mfereji. Kisha Wairimu alinifutia vidole kwa spiriti, kimoja kimoja, kama anayenitayarisha kwa sindano. Ngozi ilikaza. Nilihisi kila mkunjo wa vidole vyangu.

"Sasa shika," alisema. "Anza upande wa pili wa tundu la valvu, mbali nalo. Vuta. Mzee, vuta, usiogope, hii si riboni ya zawadi."

Nilivuta. Yeye alizungusha gurudumu polepole, mimi nikavuta na kulaza, kipande kwa kipande, kidole gumba kikisukuma kutoka katikati kwenda pembeni. Nilisikia tepu ikiuma rimu. Sijui niwaelezeeje: mara tatu nilikuwa nimebandika kitu kinachoteleza nikidhani ndivyo kinavyotakiwa kuwa, na sasa kwa mara ya kwanza nilijua kushika kunahisije. Tulipomaliza duara nilipitiliza mwanzo kwa upana wa kiganja, nikakata. Hakukuwa na kiputo hata kimoja. Wairimu aliipitishia macho, hakunisifu, lakini hakunirudisha kwenye mfereji.

Saa saba hadi saa nane tulingoja. Aliweka tyubu ya kawaida ndani, akavisha tairi, akajaza upepo, ili tyubu iikandamize tepu ishike vizuri kabla ya kazi kubwa. Huo ndio utaratibu wake na haharakishwi na mtu. Mama yake alituletea githeri kwenye bakuli, nikala na mikono yangu iliyopauka, na aliponiuliza haraka ya nini, nilimwambia habari za Mideva, za darasa la tatu, za Turkana na Jumatatu. Wairimu alikuwa anafunga mnyororo wa baiskeli nyingine, amenipa mgongo.

"Mwambie akienda akuje kwanza nimpatie dawa ya tairi," alisema bila kugeuka. "Huko iko miiba."

Saa nane alitoa tyubu. Alipasha moto ncha ya spoki ya zamani kwenye jiko la gesi, akanipa nitoboe tundu la valvu, maana kisu huchana tepu na mchano husafiri, lakini moto huacha tundu la duara lenye ukingo. Nilitoboa. Tuliingiza valvu, tukaikaza kwa vidole tu, tukavisha tairi, tukapaka mdomo wake maji ya sabuni, tukamimina dawa. Kisha alileta pampu yake kubwa. Tairi lilijaa, likanguruma kidogo, likapiga pa! upande mmoja, pa! upande wa pili, likakaa mahali pake.

Alilizamisha kwenye karai la maji. Kwangu nyumbani, kila nilipofanya hivyo, viputo vilitoka kwenye spoki kama maharage yanayochemka. Tulitazama. Maji yalitulia mpaka nikaona uso wangu ndani yake, na uso wenyewe ulikuwa na macho mekundu, nikasingizia spiriti.

Saa tisa na nusu niliaga. Aliniuliza kama nitajipaka mafuta sasa, kazi imekwisha. Nilikataa. Nilimwambia sitayagusa mpaka Jumamosi ipite. Alisema hiyo si lazima, tepu iko ndani na tairi liko nje. Nilijua. Lakini mtu aliyeumwa na nyoka hukimbia hata unyasi, na mimi sikutaka kucheza.

Njia ya kurudi nilishika bodaboda nyingine, kwa barabara ya James Gichuru, Lavington, tukatokea Ngong Road, gurudumu likiwa shingoni, gumu kama jiwe. Kila kituo cha taa nililibonyeza. Nyumbani Mideva alikuwa ameamka, amekaa karibu na ile baiskeli yenye mguu mmoja, anakunja nguo za safari. Alinitazama nikirudishia gurudumu.

"Ulikuwa wapi nalo siku yote?"

"Loresho."

"Umebeba mpaka Loresho? Baba, nilisema si lazima."

"Nilisikia," nilisema. "Sikukubali."

Ijumaa nililibonyeza asubuhi, mchana na jioni. Nyambura alisema angejua mapema angezaliwa tairi. Nilimweleza kisa cha mkebe, naye kwanza alicheka, kisha akasema pole kwa sauti ndogo, akidhani nimemlaumu. Nilimwambia hapana. Nilimwambia Jumamosi jioni anipake mpaka masikioni.

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu tulitoka getini. Jirani alikuwepo na kikombe chake. Dagoretti Corner tuliipita. Karen tuliipita, na hapo Mideva alinitazama upande, akaanza kukanyaga kwa nguvu kama mtu aliyeamua kuamini. Ngong mjini tulikunywa chai, kisha tukaanza kupanda. Sitawadanganya kwamba nilipanda yote nimekaa kitini. Sehemu mbili nilisukuma, na sehemu moja yeye alinisukuma mimi.

Karibu na juu, kwenye njia nyembamba ya vumbi, nilisikia fsss. Nilijua mlio huo kuliko sauti ya mchungaji wetu. Nilitazama chini, na mwiba mrefu mweupe ulikuwa umesimama kwenye tairi la mbele, na dawa inaruka nje kama maziwa ya mbuzi. Niliinua mguu nishuke.

"Usishuke!" alipaza sauti Mideva. "Zungusha tu, Baba, zungusha!"

Nilizungusha. Fsss, kimya, fsss, kimya. Kisha fs. Kisha kimya. Nilibonyeza kwa kidole. Lilikuwa limelegea kidogo, basi. Dawa ilikuwa imeziba mahali pake, na tepu chini yake ilikuwa imeshika.

Tulifika juu saa nne. Upande mmoja kuna bonde lote la ufa, upande mwingine jiji letu, dogo, na nilijaribu kumwonyesha Jamhuri nikaonyesha mahali ambapo si penyewe. Nililia, na sikusingizia kitu. Nilimwambia nampenda, jambo ambalo sisi watu wa kwetu huwaachia wanawake waliseme kwa niaba yetu. Alinishika mikono, kisha akaigeuza akaitazama.

"Baba! Mbona umepauka hivi? Mama hajaona?"

Nilimsimulia kisa chote hapo juu, kuanzia foleni ya nyanya yake mpaka mkebe. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akatoa mafuta kwenye begi lake, akanipaka, kidole kwa kidole, vile vile kama mama yake.

Jumatatu aliondoka, na baiskeli yake juu ya basi. Nyumba ilipanuka ghafla, nasi hatujui la kufanya na nafasi.

Nilichojifunza ni kidogo, lakini nilikilipia kwa Jumamosi tatu. Kuna saa ya mafuta na kuna saa ya tepu, na anayekupenda anaweza kukupa moja wakati unahitaji nyingine, bila kosa la mtu. La pili ni kwamba mtoto akikuambia si lazima, usimwamini.

Wiki iliyopita, miezi minne tangu aende, Mideva ametuma picha. Tepu iliyokuja na baiskeli yake imechoka kwa joto, kwa hiyo amebandika mpya mwenyewe. Hakupiga picha ya baiskeli wala ya uso wake. Amepiga mikono yake miwili imeshika rimu, mikavu, myeupe, imepasuka vifundoni, mikono ya mtoto asiye na wazazi duniani.

Nilimpelekea Nyambura simu. Akashika mdomo. "Woi, mtoto wangu amepauka!"

"Ndiyo," nilimwambia, nikiitazama picha ile kwa fahari. "Tena amepauka vizuri sana."